Mtoto kaniomba mbwa wa pili, kumbe hata wa kwanza sikuwa namtunza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linalohusu mbwa na chanjo yao. Najua kuna watu wakiona neno mbwa watafunua ukurasa mwingine, hasa huku kwetu kusini ambako wengi wetu ni waislamu na mbwa tunamuangalia kwa mbali, lakini naomba wasifunue kwanza maana ni jambo la watoto wetu pia, na mimi mwenyewe mpaka mwaka jana nilikuwa mmoja wa hao wanaofunua.

Mimi ni mama mkulima, naishi kijijini huku Newala, nina mikorosho aliyoacha marehemu mume wangu na katikati yake nalima mihogo, mbaazi na karanga. Watoto wakubwa wameshaondoka kutafuta maisha, nimebaki na kitinda mimba wangu wa kike yuko darasa la sita, na mbwa mmoja anaitwa Simba. Simba kaletwa na kaka yangu kwenye kikapu akiwa anatosha kiganjani, sasa hivi ni mzee ana miaka 9, jicho moja limeanza kuingia ukungu na mguu wa nyuma anauburuza kidogo toka agongwe na bodaboda.

Kwa ambao hawajaishi huku, mbwa kwetu hafugwi kwa mapambo, anafugwa kwa kazi. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo usiku mmoja tu asubuhi unakuta shamba limefukuliwa lote na hawali yote, wanaonja huu wanaacha wanahamia mwingine. Mchana kuna ngedere kwenye karanga, na korosho zikianza kudondoka kuna na binadamu anayekuja usiku kuokota asichopanda. Sasa hapo bila mbwa utafanyaje, utakesha kwenye dungu unapiga debe mpaka lini.

Basi mwaka jana mwezi wa sita, kipindi kile watu wote wako kwenye kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, nimerudi jioni nimechoka macho yanawasha, binti yangu akaja jikoni akaniambia mama, mbwa wa jirani kazaa sita, madume wote wameshaombwa, kabaki jike mwenye doa kwenye jicho na wanasema watakwenda kumtupa porini, naomba tumchukue. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini mama? Nikasema kwa sababu nimesema. Akanyamaza akaendelea kukuna nazi, nikajua yameisha.

Hayakuisha. Siku ya tatu tukiwa tunakula akaniuliza taratibu, mama, msimu ukianza tukahamia shamba Simba tutakwenda naye? Nikasema ndio. Akasema sasa nyumba atabaki nayo nani? Na kama Simba akibaki nyumba, sisi wawili wanawake kule kwenye kibanda usiku tutakuwa na nani? Mhariri nikakosa jibu. Maana msimu wa nyuma yake tulikwenda na Simba shamba, tukarudi nyumbani jumapili tukakuta banda la kuku liko wazi, kuku wote hawapo na sufuria kubwa la shughuli halipo. Mtoto alikuwa ameliweka hilo kichwani mwaka mzima na mimi nilishalisahau, yani nililia wiki moja nikasahau.

Kwa vile nilikosa jibu nikarukia kwenye chakula. Nikamwambia mbwa wawili tutawalisha nini wakati sisi wenyewe kuna siku tunalala na uji. Hakubisha. Akachukua daftari lililobaki kurasa, akawa anaandika kila siku Simba kapewa nini. Jumatatu ukoko wa ugali. Jumanne uji wa pumba na vichwa vya dagaa. Jumatano hakuna, kaokota mwenyewe. Alhamisi mifupa kutoka kwenye hitma ya jirani. Wiki mbili nzima ameandika hivyo kwa mwandiko wake mzuri kisha akaniletea nisome, nikafikiri ananionyesha kwamba chakula kipo, kumbe kulikuwa na siku tano zimeandikwa hakuna. Akaniambia mama, mi nilitaka nikuonyeshe kuwa wawili wanawezekana, lakini nimeona hata huyu mmoja hashibi. Halafu akasema zile hela anazopata kwa kuwaokotea watu korosho siku asizokwenda shule atanunua gunia la pumba mashineni na dagaa wale waliovunjika wanaouzwa bei ya chini, na akanipigia hesabu litakwenda mpaka lini. Hesabu ilikuwa sawa, nimeirudia mwenyewe usiku.

Maji nayo nilisema. Huku kwenye uwanda wa juu maji ni shida ya siku zote, tunavuna ya mvua kwenye visima vya nyumbani na ikifika mwezi wa kumi kisima kimebaki tope, unanunua ndoo kwa wanaobeba na pikipiki. Yeye akasema mbwa hahitaji ndoo mama, yale ya kuoshea mchele na ya kusuuzia ndizi tunamwaga kila siku. Kweli tunamwaga.

Nikaenda kwenye dini, na hapo nilikuwa na uhakika nimemshika. Nikamwambia mwanangu mbwa ni najisi, chombo akiramba unaosha mara saba na mojawapo kwa udongo, wewe unayesoma madrasa hujui hilo? Akasema najua mama. Kumbe alikwisha kumuuliza ustadhi wake toka wiki ya nyuma. Ustadhi akamwambia hukumu ya najisi ipo pale pale na sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii tunaishika, lakini katika hadithi hiyo hiyo inayokataza kuweka mbwa ndani, wametolewa mbwa wa kuchunga mifugo, wa kuwinda na wa kulinda shamba. Akamkumbusha na wale vijana wa pangoni kwenye Surat al-Kahf ambayo tunaisoma kila ijumaa, mbwa wao katajwa humo kanyoosha miguu yake kizingitini. Kizingitini mama, sio kitandani, ndio alivyonisisitizia binti yangu. Akasema atalala nje, chombo chake kitakuwa kile kisahani cha bati kilichotoboka na mimi ndio nitakiosha. Bibi yake alikuwa amekaa barazani anasikia yote, akasema tu, ntoto huyu anakushinda, nkubalie.

Sikukubali. Sasa naomba niseme kwa nini, maana sababu zote nilizompa mtoto hazikuwa sababu yenyewe, yenyewe sikuwahi kumwambia mtu.

Nikiwa na miaka kumi kijijini kwetu kulikuwa na mtoto wa kiume tunasoma naye, tunakaa naye dawati moja. Aling'atwa na mbwa mdogo tu, mtoto wa mbwa, kidonda chenyewe mkononi kilikuwa kama umechomwa na mwiba. Wakampaka majani kikapona. Imepita kama miezi miwili watu wote wameshasahau, siku moja akaanza kusema mkono unamuwasha pale pale palipopona, baadae homa, baadae akawa anaogopa upepo na maji. Tulikwenda kumuangalia na mama yangu, akapewa kikombe cha maji, kile kikombe hakijafika hata mdomoni shingo ikakaza na mwili mzima ukamshtuka, na alikuwa na kiu, anaomba maji na hawezi kuyanywa. Hakumaliza wiki. Toka siku ile mimi mbwa mpya akiingia uani mwili wote unasisimka, Simba nilimkubali kwa sababu ya mume wangu tu.

Siku niliyomsimulia binti yangu hilo nilitegemea ataogopa na ombi litakufa. Alilia kidogo, akaniuliza jina la yule mtoto nikamwambia. Halafu akainuka akaenda ndani kwenye lile begi la makaratasi ya baba yake akarudi na kadi ya chanjo ya Simba. Sikujua hata kama iko humo. Mambo ya mbwa alikuwa anashughulika nayo marehemu, gari la matangazo likipita na spika yeye ndio anamfunga Simba kamba anampeleka. Tarehe ya mwisho kwenye ile kadi ni ya mwaka ule ule aliofariki. Imepita miaka minne. Miaka minne Mhariri, mbwa analala mlangoni kwangu, anapigana na ngedere na mbwa wa porini, anamramba mwanangu miguu, na hana chanjo, halafu mimi nimekaa nakataa mbwa mpya eti kwa sababu ya kuogopa kichaa cha mbwa, ugonjwa uliomuua yule mtoto. Binti hakusema neno. Aliiweka kadi mezani akatoka nje. Sijawahi kushindwa na mtu bila ya kuongea kama siku ile.

Kesho yake nikamtafuta bwana mifugo. Hapa ndio penye sababu ya kukuandikia barua hii. Mara ya kwanza niliambiwa chanjo imekwisha nirudi. Nikarudi, nikaambiwa ipo lakini chupa moja ni ya mbwa kumi, ikishafunguliwa haiwezi kukaa, kwa hiyo hawezi kuifungua kwa mbwa mmoja tisa zikamwagika, nisubiri mpaka wapatikane wengine. Simlaumu maana alinieleza kwa adabu na ni kweli, nani atakubali kumwaga dawa. Lakini nikajiuliza hao tisa atawakusanya nani, kila mtu akija peke yake anaambiwa subiri tupate wengine, na kila mmoja anarudi kwake, si tutasubiri mpaka mmoja wetu ang'atwe.

Nikamueleza binti. Akasema kumi tu? Akaenda shule, jumamosi ile ile wakazunguka na wenzie watano nyumba kwa nyumba, tena hawakuanza na watu wazima, walianza na watoto, nyumbani kwenu kuna mbwa, ana kadi? Wakapata majina 14. Bwana mifugo nikampigia simu akaja mwenyewe kijijini na pikipiki, kafunga deli la barafu nyuma, tukakutana chini ya mwembe karibu na ghala la chama cha msingi. Mbwa walikuja 19. Na nimeona kwa macho yangu kitu ambacho nataka wakubwa wakijue, wale mbwa wote waliletwa na watoto, kwa kamba ya katani, kwa kipande cha kanga, mmoja kabebwa mgongoni kama mwana. Baba mmoja mtu mzima alijaribu kumshika mbwa wake mwenyewe akaonyeshwa meno, mwanawe wa miaka tisa akamwambia baba kaa pembeni, akamkumbatia shingo, sindano ikapita. Sisi wakubwa tunawajua mbwa wetu kwa kuwafukuza tu, watoto ndio wanaowajua.

Tukiwa tunasubiri bwana mifugo akanisimulia mambo ambayo nilikuwa nayajua nusu nusu. Kuanzia 2010 mikoa hii ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara tukiwemo, ilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, wakati huo huo wenzetu wa Ufilipino na wa KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini nao wanafanya ya kwao. Ndio yale magari ya spika aliyokuwa anayakimbilia marehemu. Akasema kinachotakiwa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila mia ugonjwa unakosa pa kupita, lakini sio kuchanja mara moja ukamaliza, kwa sababu mbwa wanakufa haraka na kuzaa haraka, mwaka ukipita wale waliochanjwa wamepungua na vitoto vipya vimejaa mtaani havina kitu, kwa hiyo ni kila mwaka. Nikafikiria kadi ya Simba. Nyumba yangu peke yake ilikuwa ni huo mfano.

Na akasema lingine ambalo naomba uliandike hata kama barua itakatwa kwa urefu. Mtu aking'atwa, hata kwa jino dogo, hata na kitoto cha mbwa, kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, zihesabiwe, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo na azimalize zote. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tena dawa. Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa na kama miezi miwili ya kuokolewa na sisi tunampaka majani.

Mbwa wa pili najua mnataka kumjua. Mtoto wa mbwa yule mwenye doa hakutupwa, kumbe toka mwezi wa sita binti yangu alikuwa anampelekea ukoko kwa jirani kila jioni akitoka madrasa ili wasimtupe, mimi sina habari. Siku ya chanjo alikuwa ameshapita miezi mitatu, bwana mifugo akamchanja na kumpa dawa ya minyoo, akaandika kadi, akauliza mbwa wa nani huyu. Binti yangu akaniangalia. Watu wote wakaniangalia. Nikasema wa kwangu, anaitwa Doa.

Sitadanganya kuwa baada ya hapo mambo yamekuwa mepesi. Doa kala ndala zangu pea mbili na amefukua matuta ya mihogo kama nguruwe mwenyewe. Yeye ni jike, na jike akishika mimba ni siku kama 63 tu una wengine sita wa kutafutiwa watu, ndio maana majike yanatupwa. Bwana mifugo kasema anaweza kufungwa kizazi mjini, gharama ipo, nimepanga malipo ya mnada wa kwanza wa korosho nitoe humo kabla ya deni la duka. Binti ameshaniandikia kwenye daftari.

Lakini msimu uliopita tulilala shamba na Doa, Simba mzee akabaki nyumbani na bibi, na hakuna kuku aliyepotea. Nguruwe walikuja mara mbili, Doa alibweka kwa sauti yake ile nyembamba mpaka nikaamka, hakuwafukuza bado mdogo, ila aliniamsha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika na mifugo kwenye halmashauri zetu za Mtwara na Lindi ni hili. Chanjo ya mbwa itangazwe mashuleni na madrasa, sio kwenye ubao wa ofisi ambao hakuna anayepita kuusoma. Muwape watoto siku, jumamosi, wataleta mbwa wote mpaka wa mzee asiyetaka. Na tafadhali iwe mwezi wa saba au wa nane. Najua siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba na wengi hupenda kuifanya siku hiyo, lakini huku kwetu Septemba korosho zimeshaanza kudondoka, watu wameshaanza kuhamia mashambani na mbwa wao, mtakuta kijiji kina wazee na kuku tu. Kama lazima iwe ndani ya msimu basi mje siku ya kupeleka korosho ghalani, pale kila mtu anafika.

Na kwa wazazi wenzangu, mtoto akikuomba mbwa wa pili usimjibu kama nilivyomjibu mimi jikoni. Muulize kwanza kadi ya yule wa kwanza iko wapi.

Za kwetu sasa hivi ziko mbili, binti anazo ndani ya jalada la daftari lake la hisabati, na kwa nyuma ameandika tarehe ya mwaka huu na majina ya wale wenzie watano wa kuzunguka nao.

Ni mimi,
Mama mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara